Mtoto Hakukula Tunda

Kazi yangu ya ukatekista ilianza siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, saa nane na dakika kumi mchana, katika kikanisa chetu cha Mususa, hapa Butembo. Saa hiyo ninaijua vizuri kwa sababu Katekista Mkuu alitazama saa yake ya mkononi, kisha akanitazama mimi, akasema, "Umechelewa dakika kumi. Ingia." Kwa kweli nilikuwa nimefika saa nane kamili. Dakika kumi zile nilizimaliza nyuma ya ukuta, nikitafuta moyo wa kuingia.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Leo nina kumi na saba na nimestaafu. Nyumbani wanacheka nikitumia neno hilo, lakini nimefanya kazi karibu miaka miwili, nimehamishwa mara mbili, nimekuwa na wakubwa watatu, na nimefanya kosa moja kubwa. Ninayaandika haya kwa ajili ya msichana atakayeshika chaki baada yangu. Kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema. Atakayenifuata atasikia habari ya kosa langu mapema, maana watoto watamwambia.

Katekista si padri, wala si mwalimu wa shule. Ni mkristo wa kawaida anayewaandaa wakatekumeni, yaani watu ambao bado hawajabatizwa, na anayewafundisha watoto wanaongoja komunyo ya kwanza. Halipwi. Anapewa kitabu, chaki, na siku ya sikukuu anapewa sahani ya wali kabla ya wengine. Mimi nilianzia chini kabisa, kwenye kuita majina. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini darasa letu lilikuwa na Masika watano na Katungu watatu, kwa sababu kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira kama mimi, na kuendelea hivyo. Ukiita "Masika" wanaitika watano kwa pamoja. Mimi niliita polepole hata waliokaa mbele waliinamisha vichwa ili wasikie.

"Kavira," Katekista Mkuu aliniambia siku hiyo ya kwanza, "unaita batoto ama unaungama?"

Darasa zima likacheka. Niliendelea kuita, uso ukiwaka moto, na nilipofika jina la mwisho nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni. Yeye akachukua daftari, akaangalia alama zangu, akasema, "Hakuna kosa. Kesho kutwa rudi." Alikuwa mzee mwenye baiskeli isiyo na breki, aliyefundisha katekisimu tangu kabla ya mama yangu kuolewa. Sijamsikia akimsifu mtu. Kwake, kukuambia urudi ndiyo ilikuwa sifa.

Wakati wa Kwaresima nilihamishwa Kimemi, kwa sababu katekista wao alikuwa amejifungua. Mkubwa wangu huko alikuwa Masere, mtawa mnene mwenye kucheka sana, ambaye hakunipa chaki hata siku moja. "Wewe utaimba nao," alisema. "Amri za Mungu tunaziimba, sakramenti tunaziimba. Wakiimba hawalale." Niliimba nao miezi mitatu, na nikagundua kwamba nikiimba, watu hawanitazami mimi, wanatazama wimbo. Masere alilia siku niliporudishwa Mususa. Mimi nililia nyumbani, mahali ambapo hakuna aliyeniona.

Somo la dhambi ya asili lilinifikia Mususa, mwezi wa nane, katikati ya likizo kubwa. Katekista Mkuu aliniita pembeni, akanipa chaki nzima isiyovunjika.

"Leo ni wewe. Hii somo nimeifundisha myaka makumi matatu na bado inanitoa jasho. Soma maneno ya kitabu, eleza kidogo, nyamaza. Mifano achana nayo."

Nilisoma. Nilieleza kwamba watu wa kwanza, Adamu na Eva, waliumbwa katika urafiki na Mungu. Kwamba walichagua kutomsikiliza, wakaupoteza urafiki ule, si kwa ajili yao peke yao bali na kwa ajili yetu sote tuliotoka kwao. Kwamba hali hiyo tunayozaliwa nayo tunaiita dhambi ya asili, na ubatizo ndio unaoiondoa. Kila neno lilikuwa sahihi. Watoto arobaini walinitazama kama watu wanaongoja mvua iishe ili waende zao.

Ndipo Katungu akainua mkono. Huyu Katungu ni yule ambaye benchi haimtoshi, kila dakika amegeuka upande mwingine. Ananiita Ya, yaani dada, na kama wote hapa husema mais ya Kifaransa badala ya lakini.

"Ya Kavira, mais mutoto wa kuzaliwa jana, alikula tunda saa ngapi? Na meno hana!"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka. Mimi nilitafuta jibu kitabuni, sikuliona. Nikatazama dirishani. Nje, Katekista Mkuu alikuwa na wanaume wawili kwenye kishamba cha kikanisa, wanakata migomba. Ilikuwa imeshikwa na ule ugonjwa unaonyausha majani na kuozesha ndizi kwa ndani zikiwa bado changa. Kila mtoto wa Butembo anaujua. Mgomba ukishikwa, machipukizi yake yote yameshikwa, hata yale yaliyotoka udongoni juzi. Unakata, unang'oa, unazika. Na panga unalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, la sivyo ugonjwa unaupeleka wewe mwenyewe.

"Muone kile kichipukizi," nilisema. Sauti ilitoka yenyewe. "Kimefanya kosa gani? Hakuna. Lakini mama yake ni mugonjwa, na kenyewe kimezaliwa mugonjwa. Kwa inje ni kizuri, kwa ndani kimeoza tayari. Njo zambi ya asili, ndiyo hiyo."

"Aaaa!" darasa likasema, wote pamoja.

Hujui furaha hiyo mpaka ikupate. Walikuwa wamesimama kwenye mabenchi, wanatazama dirishani, wananiuliza maswali, na mimi ninajibu! Nilirudi nyumbani nikirukaruka kama mtoto wa darasa la pili. Jioni niliandika katika daftari langu: Leo nimefundisha. Nilipiga mstari chini yake mara mbili.

Wiki iliyofuata, siku ya posho tena, nilikuwa naita majina wakati mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Aliingia mama mmoja mwembamba, mtoto mchanga mgongoni, na kwa mkono akimvuta Masika, msichana wa miaka tisa aliyekuwa akikaa benchi la mbele na kunakili kila kitu. Mama Masika ni mtu wa upande wa Beni. Yeye na mume wake walikimbia vita kijijini kwao wakaja kupanga nyumba Mususa. Mtoto wa mgongoni, Kavira kama mimi, alikuwa na miezi miwili, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ubatizo wa Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Nani hapa njo anafundishaka ju ya migomba?"

Vidole arobaini vilinielekea.

"Ni wewe? Kadogo hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Sikia. Hii mutoto tulimungojea myaka munane. Munane! Masika njo alikuwa analia kila siku, mama nizalie mudogo, mama nizalie mudogo. Sasa mudogo iko, yeye hapana kumushika. Nikisema nibebee, anakimbia. Juzi nimemukuta anapitisha mikono juu ya mbabula, jiko ya makaa, moto inawaka. Nauliza, weye, unafanya nini? Ananijibu, mama, nimegusa Kavira, napitisha kwa moto kama panga."

Katungu alicheka. Mama Masika akamgeukia, kicheko kikafia pale pale.

"Nilikuwa naleta mutoto kwa ubatizo na furaha," aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Kama kwa Kanisa mutoto yangu ni kitu ya kuoza, basi abakie kwangu. Kwangu hajaoza."

Akatoka na wanawe wote wawili. Kitoto kile cha mgongoni, Kavira mwenzangu, kilikuwa kimelala usingizi mzito, mdomo wazi.

Katekista Mkuu alifunga daftari la majina. Alisema kipindi kimeisha. Halafu alichukua baiskeli yake, hakuipanda, akaisukuma, na mimi nikamfuata nyuma mpaka parokiani. Kwa Paroko alieleza yote kwa maneno machache. Paroko wetu hakuzaliwa huku, ametoka mkoa mwingine, na Kiswahili chake kina Kilingala ndani. Alisikiliza, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Juu ya mbabula! Kama panga!"

Kisha akaona kwamba ninalia.

"Tika kolela, mwana, acha kulia. Kaa. Niambie: ule mutoto mudogo amefanya zambi gani?"

"Hakuna, Padri."

"Alors, ju ya nini tunasema zambi?"

Nilijifuta pua kwa mkono, yeye akaendelea.

"Zambi ya kuiba sukari, unaifanya. Hii hauifanye, unaipokea. Ile ni tendo, hii ni hali. Na ni hali ya kukosa kitu. Adamu alipewa urafiki wa Mungu autunze, aturizishe sisi, atuachie urithi. Akaupoteza. Atakurizisha namna gani kitu ambacho hana tena? Wewe ulifundisha kitu yenye kuingia ndani ya mutoto, kama mududu. Ungefundisha kitu yenye haiko."

"Na kuoza, Padri?"

"Hapana! Kanisa hapana kufundisha kuoza. Asili yetu imejeruhiwa. Kidonda na kuoza ni bitu bibili. Mutu wa kuoza unamuzika, mutu wa kidonda unamubeba. Na ule mutoto, Mungu anamupenda leo, mbele ya maji, ni kusema kabla ya ubatizo. Kama hakumupenda, angemuita kwa maji ya nini?"

Nilimwomba basi anipe mfano mzuri wa kupeleka kwa watoto.

"Mfano? Wewe njo unasoma pédagogique, ualimu. Mimi ya kwangu ni misa."

Tulipotoka, Katekista Mkuu alisimama karibu na baiskeli yake. Nilidhani atanifukuza kazi. Alisema, "Kwa yule mama mimi sitaenda. Mwenye alisema ni wewe, utaenda wewe."

Nitasema ukweli: kazi sikuijali tena siku ile. Kilichoniuma kilikuwa Masika. Msichana aliyemlilia mdogo wake miaka mingi sasa anamkimbia, na ni mimi niliyemfundisha kukimbia. Tena niliona jambo moja lililonikosesha usingizi. Hata kama mama yake angekubali kuleta mtoto Jumapili, Masika angeweza kungoja. Angengoja maji yamwagwe, ndipo amshike. Na akifanya hivyo, kosa langu litabaki ndani yake mpaka uzee: atajua kwamba kabla ya maji mdogo wake alikuwa kitu cha kuogopwa. Ilikuwa lazima amshike kabla.

Nilikwenda Jumanne. Mama Masika alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo, mtoto kwenye kitenge pembeni. Nilimsalimu, akaitika, hakusema kaa. Nikakaa. Nilikuwa nimeandika maneno yote kwenye karatasi, lakini karatasi ilikuwa mfukoni na mfuko uko mbali sana na mdomo. Nikaanza kuchambua naye. Mawe huku, yaliyotobolewa na wadudu huku. Tulichambua karibu saa nzima. Masika alikuwa nyuma ya nyumba. Kila mara niliona jicho lake moja kwenye kona.

"Ulikuja kuchambua maharage ama?" mama yake aliuliza mwishowe.

"Nilikuja kuomba musamaha, mama. Nilisema mubaya. Mutoto hajaoza. Hana ugonjwa. Hakufanya kitu. Ni kusema tu kuna kitu hakupata, ju wazazi wetu wa kwanza waliipoteza mbele ya kuturizisha."

Alitupa mawe mawili pembeni. Mikono haikusimama.

"Kama shamba," alisema.

"Shamba gani, mama?"

"Ya kwetu kule. Kakao, ndizi, mpaka kule chini kwa muto. Tulitoka na nguo za mwilini tu. Masika alizaliwa kule, alichezeaka ndani. Huyu alizaliwa hapa, kwa nyumba ya kupanga. Hakuuza shamba. Hakuikimbia. Mais ukimuuliza, uko na shamba? Hana. Njo ile?"

Mikono yangu ndiyo ilisimama.

"Njo ile, mama. Njo ile kabisa!"

"Lakini sisi hatukufanya mubaya. Walitufukuza."

"Ndiyo, ninyi hamukufanya kitu. Adamu alitoka mwenyewe. Pale mufano unaishia."

"Na ubatizo?"

"Ubatizo ni Mwenye shamba kumuita: rudi, ni yako."

Akaanza kucheka, kicheko cha kwanza nilichosikia kwake. "Na akirudi, huyu wa muji, atajua kulima? Jembe itamutoa malengelenge, atalia!"

Nilikuwa nimesoma mara kumi katika kitabu chetu kwamba ubatizo unafuta dhambi ya asili lakini udhaifu unabaki, na mwelekeo wa kutenda mabaya unabaki, ule tunaouita tamaa, na kwamba mkristo anapambana nao maisha yake yote. Nilikuwa ninawafundisha watoto neno hilo ili walikariri. Lakini sikuwahi kulielewa mpaka mama huyu alipofikiria mikono laini ya mtoto wake kwenye jembe. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kumbe njo hivyo. Basi tutamufundisha polepole."

Niliomba kumshika mtoto. Alinipa. Nilimwinua juu, nikambusu tumbo, na hapo hapo akanikojolea, sketi yangu ya bluu yote mbele, mpaka kwenye viatu.

"Wewe njo umebatizwa!" Mama Masika alipiga kelele, akicheka hadi maharage yakamwagika.

Masika alikuwa ametoka kwenye kona. Alitazama mbabula, ambayo ilikuwa inawaka pale karibu na mlango, kisha akanitazama mimi. Nilijipangusa kwa kiganja na kuendelea kumpakata mtoto.

"Ya Kavira, haupitishe?"

"Hapana."

"Ju ya nini?"

"Ju nilidanganya. Mudogo wako hana ugonjwa wowote."

"Mais wewe njo ulisema."

"Nilisema. Sikukuwa najua vizuri."

Alikunja uso. "Mwalimu anaweza kusema kitu hajue?"

"Mimi naweza."

Hakucheka, hakunikaribia. Alirudi nyuma ya nyumba. Mama yake alichukua mtoto, akaniambia, "Yenga tutaona," maana yake Jumapili tutaona. Hakusema ndiyo.

Siku ya posho nilisimama mbele ya darasa zima. Katekista Mkuu alikaa benchi la nyuma, mikono imefungwa kifuani. Masika hakuwepo. Niliwaambia watoto kwamba somo la kichipukizi lilikuwa baya, kwamba mimi ndiye niliyelitunga, si kitabu, na kwamba kila mwenye mdogo wake nyumbani aende leo ampakate. Niliwasimulia habari ya familia iliyopoteza shamba na mtoto aliyezaliwa baadaye, bila kutaja jina la mtu. Nilisema pia mahali mfano unapoishia.

Katungu akainua mkono. "Donc hapana kutuzika?"

"Hakuna wa kuzikwa, Katungu."

"Ata mimi?"

"Ata wewe."

"Asante Yesu," alisema, na darasa likamalizika kwa vigelegele ambavyo sijui vilianzia wapi. Katekista Mkuu alipopita kwenda mlangoni aliniambia, "Nimesikia yote." Nilikaa na maneno hayo mawili usiku kucha kama pipi mdomoni.

Jumapili, ubatizo wa watoto wachanga ulikuwa baada ya misa ya kwanza. Familia zilijipanga barazani, watoto wamevaa nyeupe, mabibi wamevaa vitenge vipya vinavyonukia duka. Nilikuwa na orodha mkononi. Niliita jina baada ya jina, na wote waliitika, isipokuwa Kavira wa Mama Masika. Paroko alikuwa tayari amevaa stola. Maji yalikuwa kwenye kisima cha ubatizo ndani. Nilitazama barabara ya chini: hakuna.

Kisha nikawaona wanapanda kilima haraka, mama mbele na mtoto mikononi, baba nyuma na mwamvuli, Masika mwisho kabisa. Mama Masika alifika akihema.

"Marraine hakufika. Alikuwa atoke Beni na gari ya asubuhi, mvua imeharibu njia. Tumemungoja, tumemungoja..." Marraine ni mama wa ubatizo, yule anayesimama na mtoto na kumsaidia katika imani. Kitenge cha Mama Masika kilikuwa kimefunguka kiunoni, anakishika kwa kiwiko. Akageuka nyuma, bila kufikiri, kama mama yeyote. "Masika, shika mudogo nifunge."

Masika alisimama.

Alinitazama. Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno, safari hii yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mara moja la kuamini, na mara ya pili la kuacha kuamini. Nikafunga mdomo, nikatazama orodha yangu.

Nilipoinua macho alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Mama yake alimwekea mtoto, akaanza kujifunga kitenge. Kavira mdogo alishika kola ya gauni la dada yake kwa ngumi na kuivuta.

"Ni muzito!" Masika alisema, macho yametoka. "Mama, ni muzito hivi?"

"Anakula sana," mama akajibu, anafunga fundo.

Hakuna aliyeona kitu. Baraza lilikuwa limejaa watu, wanasalimiana, wanarekebishana kola. Maji yalikuwa bado ndani, hayajaguswa. Mimi niligeuka kuelekea ukutani kama mtu anayesoma matangazo, mpaka macho yalipokauka.

"Na marraine wa huyu?" Paroko aliuliza.

"Njo huyu," Mama Masika akasema, na kidole chake kilinielekea mimi.

"Uko na kipaimara?"

"Ndiyo, Padri."

"Myaka?"

"Kumi na saba."

"Bon. Ingieni."

Masika alikataa kunipa mtoto. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye kisima, akiegemea nyuma kwa uzito, mimi kando yake nimeshika mshumaa. Walipouliza kama tunakataa Shetani, nilijibu. Walipouliza kama tunasadiki, nilijibu. Maji yalipomgusa kichwani Kavira alilia kwa hasira, na Masika akamfuta kwa mkono wake kabla mtu hajaleta kitambaa.

Baada ya ubatizo na matangazo Katekista Mkuu alisimama, akaambia watu kwamba ninaacha kazi, kwa sababu mwaka wa sita wa sekondari nitausomea Beni, kwa shangazi yangu. "Makatekista nimeaga ni wengi," alisema, "wote walikuwa bazee. Huyu njo wa kwanza anatoka ku kazi kwenda kusoma." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikasimama bila kukimbia.

Wewe utakayenifuata: somo hili usiliogope, lakini pia usilipende kwa sababu watoto wanasimama kwenye mabenchi. Nilipowaona wamesimama nilidhani nimefundisha, kumbe nimewatisha. Waambie kwanza kwamba mtoto hakukula tunda. Waambie kitu alichokosa ni kikubwa, ni urafiki wenyewe wa Mungu, na kwamba Mungu ana hamu ya kumrudishia kuliko sisi tulivyo na hamu ya kupokea. Ukitumia mfano, sema unaishia wapi. Na ukikosea, nenda kwao ukawaambie. Miaka hii miwili nilikuja nikiwa ninaogopa watu, na bado ninawaogopa kidogo. Lakini sijawahi kufurahi mahali popote kama mle ndani, na vumbi la chaki puani.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, nilipitia kwa Mama Masika kama marraine anavyopaswa, na sabuni mbili na kitambaa cha mtoto. Alitutuma sokoni kununua chumvi na ndagala, yaani dagaa. Masika alifunga mdogo wake mgongoni, akakikaza kile kitenge mara tatu, tukatoka. Njiani watu walimuuliza, huyu ni nani? Akawajibu wote, mmoja mmoja, "Ni mudogo wangu, alibatizwa jana, mais mimi nilimushika mbele ya maji." Nilimwomba zamu yangu kwenye kilima cha kwanza. "Bado," alisema. Nilimwomba kwenye daraja. "Bado." Tulipofika nyumbani nilikuwa nimebeba chumvi na ndagala tu.